Nani Anachuma, Nani Analipa: Bustani za Jinja na Mbale

Ifikapo Oktoba, huko Marekani na Uingereza, familia hulipa kiingilio shambani ili zichague maboga na kuchuma matufaha kwa mikono yao wenyewe. Mkulima wa Busoga, eneo la Jinja mashariki mwa Uganda, akisimuliwa habari hiyo atacheka, maana kwake anayechuma ndiye hulipwa. Lakini yapata kilomita 50 kutoka Mbale, kwenye maporomoko ya Sipi, biashara hiyohiyo imeshamiri. Mgeni hulipa, hukabidhiwa kikapu, huchuma kahawa iliyoiva nyekundu, huimenya, huitwanga kwenye kinu, huikaanga juu ya mafiga, kisha huinywa. Jinja nako wageni ni wengi, ila wao hufuata mto Nile, wala bustani za watu hawaziulizii. Kwa nini iwe hivyo? Lazima turudi nyuma kidogo, tuulize shamba lilikuwa la nani.

Miji yote miwili ilipita mikononi mwa mtu mmoja. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki, aliweka makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Wafuasi wake walipanda migomba, na kandokando ya barabara ikapandwa mivule. Mwaka 1906 alipelekwa Busoga kuwa rais wa Lukiko, yaani baraza, akakaa hadi 1913. Wanaomsifu huhesabu barabara na miti. Mimi nadhani jembe nalo lihesabiwe, kwa sababu kazi ile ilikuwa ya lazima. Pamba, ambayo mbegu zake zilianza kugawiwa Uganda mwaka 1904, ilikuja na shuruti hiyohiyo: watu walichuma ili kodi ipatikane. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilipofunguliwa mwaka 1912, shehena yake kubwa ilikuwa marobota ya pamba.

Kabla ya hapo Busoga ilikuwa imekwisha kuumia. Malale yalizuka kwenye fukwe za Ziwa Victoria karibu na mwaka 1900, na inakadiriwa kwamba yaliua zaidi ya watu 200,000 Busoga, Buganda na visiwani. Gavana Hesketh Bell akaamuru waliosalia ufukweni wahamishwe. Migomba ikaachwa bila wa kuipogoa, na shamba la migomba lisipopaliliwa huwa kichaka upesi mno. Si mbali na ufuko huo, huko Kakira, akina Madhvani, familia ya Kiasia, walianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930. Muwa hauna nafasi kwa mgeni mwenye kikapu. Unataka panga, trekta na kibarua. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, kiwanda kilidorora. Wenyewe walirejea mwaka 1985, na tangu hapo miwa imevuka mipaka ya kampuni na kuingia katika mashamba madogo ya Wasoga, ikila ardhi iliyokuwa ya viazi vitamu, mihogo na ndizi.

Matunda ya Busoga yakabaki mambo ya uani. Fenesi huangushwa na yeyote aliye karibu, likagawanywa papo hapo. Boga ni la akina mama: hupandwa kati ya migomba, likatambaa lipendavyo, na huliwa majani, tunda na mbegu. Mshairi Okot p'Bitek alilifanya boga kuwa nembo ya mila za kale katika Song of Lawino (1966), na wasomaji wengi hulichukulia kuwa mzawa wa Afrika. Asili yake ni Amerika, sawa na nanasi linalolimwa kwa wingi Kangulumira, ng'ambo ya Nile. Ndizi na fenesi zilitoka Asia. Kahawa aina ya arabika, inayostawi juu ya Mbale, asili yake ni Ethiopia. Kumbe katika bustani hizi, mgeni anayechuma na tunda linalochumwa hawatofautiani sana kwa ugeni.

Mlimani Elgon, juu ya Mbale, mambo yalikwenda njia nyingine. Miteremko ni mikali na viwanja ni vidogo, hivyo kahawa ilibaki mikononi mwa kaya, kila moja na miti yake chini ya kivuli cha migomba. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, Bugisu Cooperative Union, kiliundwa mwaka 1954, makao yake Mbale. Kwa miongo kadhaa mkulima alimiliki mti bila kuwa na hiari ya kuchagua mnunuzi. Hiari hiyo ilipatikana biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndipo vikazuka vyama vidogo. Kimoja ni Mirembe Kawomera, kilichoanzishwa mwaka 2004 na wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Wayahudi hao ni Abayudaya, jumuiya iliyotokana na Kakungulu mwenyewe, ambaye mwaka 1919 alijitahiri na kuishika dini ya Torati baada ya kukosana na wakubwa wake Waingereza. Kwa hiyo yule aliyewaamuru watu kupanda aliacha nyuma yake watu wanaoadhimisha Sukkot, sikukuu ya mavuno, na kuuza kahawa yao Marekani kwa hiari.

Sipi si sehemu ya Bugisu, eneo la Mbale. Ni nchi ya Wasabiny, lakini kahawa ni ileile na viwanja ni vilevile vya kaya. Kahawa anayochuma mtalii ni konzi chache tu, na mara nyingi amechanganya mbichi na mbivu. Hasara hiyo mwenye shamba haimsumbui. Bei ya arabika huamuliwa katika soko la New York, ilhali kiingilio cha bustani yake anakitaja mwenyewe, na kikombe anakiuza palepale, bila mchuuzi wala lori. Nafasi hiyo ni ya walio karibu na maporomoko. Huko Bududa na Sironko, ndani ya Bugisu, ambako watalii ni wachache, mkulima bado hubeba kahawa yake hadi kwa mnunuzi na kuisubiri mizani.