Turufu Iliyotoka Roma

Barazani, jioni, watu wanne wamekaa kwenye jamvi, karata mkononi. Mmoja ameteremsha ree ya kopa, na tayari amenyoosha mkono kuzoa. Anayemfuata hana kopa hata moja. Anachomoa mbili ya shupaza, anaipigiza chini, na watazamaji wanalipuka: shupaza ndiyo turufu! Mbili imeipiku ree.

Waingereza nao wana kitenzi cha tendo hilo hilo: trump. Siku hizi wengi wakilisikia neno hilo hukumbuka jina la rais wa Marekani, lakini kitenzi chenyewe kina asili yake, na asili hiyo inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Chanzo ni triumphus ya Kilatini. Hilo lilikuwa gwaride la jemadari wa Roma aliyerudi na ushindi: amepanda gari la farasi wanne, uso umepakwa rangi nyekundu, mateka wametangulizwa mbele, safari inaishia hekalu la Jupita kwenye kilima cha Capitolium. Waitalia wakalirithi neno kwa sura ya trionfo. Mwaka 1440 Giusto Giusti wa Anghiari aliandika katika shajara yake kwamba alimpa Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini, seti ya karata za trionfi zilizotengenezwa Florence. Karata hizo zilikuwa na picha maalumu, ambazo baadaye zilikaa kuwa 22, na karibu kila moja ilikuwa na nguvu ya kuzoa karata yoyote ya kawaida. Baadaye wachezaji wakaona picha hizo si lazima: rangi yoyote ya karata za kawaida yaweza kupewa enzi hiyo.

Mchezo ukafika Uingereza. Desemba 1529, huko Cambridge, kasisi Hugh Latimer alihubiri kwa mfano wa karata, akawaambia waumini kwamba turufu ni kopa, yaani moyo wa mtu. Katika maandishi ya mahubiri hayo neno linaonekana kwa sura mbili, triumph na trump. Hapo unaliona likifupishwa mdomoni mwa watu.

Wareno nao walilitamka neno hilo trunfo. Ndio hao waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, wakang'olewa na Waomani mwaka 1698. Karata zao zilibaki. Kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, pau ni paus, na turufu ni trunfo. Kwa hiyo turufu ya Kiswahili na trump ya Kiingereza ni watoto wa babu mmoja, waliolelewa nyumba mbalimbali. Mimi hili linanifurahisha mno, maana mara nyingi tunahesabu maneno ya kukopa kama deni, na hapa tunakuta udugu.

Tofauti ni kwamba Waingereza waliigeuza karata yenyewe kuwa kitenzi. Sisi turufu tuliiacha jina, na tendo tukalipa kitenzi chake, kupiku. Maana yake ni pana, lakini kiini chake ki palepale jamvini: lazima kitu kikubwa kiwe kimeshatangulia chini, kitu ambacho kingeshinda kama pasingetokea kingine. Ile mbili ya shupaza ni karata dhaifu. Ingetangulia shupaza nyingine yoyote, hiyo mbili ingelala. Nguvu yake yote imetokana na turufu.

Ndiyo maana nasikitika kurasa za michezo zinapoandika kwamba timu fulani imeipiku nyingine mabao matatu kwa sifuri, wakati walioshindwa hawakuongoza hata dakika moja. Hiyo imeshinda, imebwaga, imetia fora. Kupiku tuihifadhie ile timu iliyotangulia kufungwa mabao mawili, mashabiki wa upande wa pili wakaanza kuimba, kisha ikarudisha yote na kuongeza la tatu.