Nusu kaputi: historia iliyo nyuma ya masharti ya daktari wa mifugo

Ndugu mfugaji, ukimpeleka mbwa kuhasiwa au kutolewa kizazi pale Ifakara, daktari wa mifugo atakupa masharti: asile tangu usiku, awe amechanjwa, kidonda kisilowe. Wengi huona ni usumbufu. Masharti hayo yametokana na vifo vya watu na wanyama waliotutangulia, na ukijua chanzo chake hutayapuuza.

Zamani kuhasi kulikuwa kazi ya nguvu: kamba, watu watatu wa kumkalia mnyama, na wembe. Hata binadamu alipasuliwa hivyo hivyo, akiwa macho. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akatolewa uvimbe shingoni akiwa ametulia. Huku kwetu dawa ya usingizi tukaiita nusu kaputi. Kaputi limetoka kwenye neno la Kijerumani lenye maana ya kitu kilichoharibika, na Wajerumani waliitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza. Jina linafaa, kwa sababu aliyelazwa kwa dawa hiyo anahitaji uangalizi mpaka aamke.

Hatari kubwa iko kooni. Mwili uliolala hivyo haukohoi, kwa hiyo chakula kikipanda kutoka tumboni huingia mapafuni. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za wanawake 66 waliopatwa na jambo hilo walipolazwa kwa dawa wakati wa kujifungua. Baada ya hapo sharti la kutokula likatiliwa mkazo zaidi. Mbwa wako naye yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Baada ya mlo wa jioni asipewe kitu tena, iwe ugali au dagaa. Maji aachiwe mpaka asubuhi, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Mfunge, maana mbwa wa kijijini hujitafutia jalalani. Mbwa mchanga havumilii njaa ndefu, hivyo uliza saa zake. Akila kwa bahati mbaya, sema. Kuahirisha ni nafuu kuliko kumpoteza.

Dawa hii hupimwa kwa kilo. Kama hujui uzito wake, nenda kwa mnunuzi wa mpunga mwenye mzani: pima ukiwa umembeba mbwa, kisha pima ukiwa peke yako, halafu toa. Mweleze daktari pia kama ana mimba, anaharisha, au umempa dawa yoyote karibuni.

Hata baada ya dawa ya usingizi kupatikana, wengi walipona kisu wakafa kwa usaha. Mwaka 1865 huko Glasgow, daktari Joseph Lister alianza kusafisha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu, na vifo vikapungua. Bonde letu ni la majaruba na tope, kwa hiyo sharti hili linatugusa zaidi. Kwa siku 10 hadi 14 mbwa asiende shambani, asioge, wala asilambe mshono. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Ukiona uvimbe unaongezeka, usaha au harufu, mrudishe siku hiyo hiyo.

La mwisho ni chanjo. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Sisi pia tumeona faida ya chanjo. Kuanzia 2010, mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, na bonde la Kilombero lilikuwemo. Lengo la kampeni kama hizo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, maana hapo ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Kuhasi hupunguza watoto wa mbwa wasio na mwenyewe, lakini hakuzuii kichaa. Mchanje kwanza, na kadi uende nayo kliniki.

Kabla ya yote, hakikisha anayempasua ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Mwenye wembe na kamba atakutoza kidogo, lakini anakurudisha kabla ya 1846.