Baromita zote katika mashua moja

Wasomaji, leo naweka kazi ya programu kando kidogo. Ukitazama filamu za kauboi utadhani waliokwenda kupima nchi za magharibi mwa Marekani walishinda wakifyatua bunduki tu. Nami nilidhani hivyo hadi niliposoma habari za John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kulia kwenye vita vya Shiloh mwaka 1862.

Tarehe 24 Mei 1869 aliondoka Green River, Wyoming, na wenzake 9 katika mashua 4, kuchunguza mito ya Green na Colorado. Walibeba chakula cha miezi 10, nguo za baridi, risasi tele, mitego, sekstanti 2, kronomita 4 na baromita kadhaa. Hizo baromita ndizo zilikuwa roho ya safari. Ukijua kanieneo ya hewa, unajua uko juu ya bahari kiasi gani, na mto umebakiza kushuka kiasi gani.

Sasa sikiliza, wewe mtu wa kompyuta. Powell aliugawa mzigo kwenye mashua 3 kubwa, kila aina kidogo kidogo, ili moja ikizama wasikose kitu chochote kabisa. Bekap safi! Lakini asubuhi moja ya Juni walikosea kupakia, baromita zote zikaingia mashua iitwayo No Name. Siku hiyo hiyo ikavunjikia mwambani. Watu 3 waliokuwamo waliokoka, nguo zao zikaenda na maji. Baadaye wenzao walipoyafikia mabaki, wakapiga kelele za furaha. Powell naye akashangilia, akidhani wanafurahia vipimo. Kumbe mbali na baromita walikuwa wamepata kipipa cha wiski, galoni 3, kilichopakiwa bila yeye kujua!

Bunduki nazo hazikuwa na bahati. Tarehe 11 Julai mashua ya Powell ilipinduka. Bunduki 2 na baromita moja, zilizowekwa sehemu ya wazi, zikazama. Yeye aliwahi kudaka bunda moja la mablanketi.

Lakini kifaa kilichonifurahisha zaidi ni suruali ya ndani. Powell alikwama kwenye jabali, mkono wake mmoja umeshika mwamba, miguu inatetemeka. George Bradley alikuwa juu yake, hana kamba wala fimbo. Akavua suruali yake ndefu ya ndani, akaiteremsha. Powell akaachia mwamba, akaidaka, akavutwa juu.

Kufikia katikati ya Agosti zaidi ya nusu yao hawakuwa na kofia, na hakuna aliyebaki na nguo kamili. Chakula kilikuwa unga ulioharibika, matofaa makavu na kahawa nyingi. Tarehe 28 Agosti, mbele ya maporomoko ya kutisha, ndugu wawili Howland na William Dunn walisema basi, watapanda korongo kwa miguu. Walipewa bunduki 2 na moja ya marisawa. Mgawo wa chakula waliukataa, watawinda njiani.

Wale 6 waliobaki wakawaachia mashua ndogo, wakayapita maporomoko salama. Chini yake wakafyatua bunduki hewani kuwajulisha wenzao kwamba njia inapitika, wakangoja kama saa 2. Hakuna aliyekuja. Kesho yake wakatoka korongoni. Wale 3 waliuawa huko juu, na hadi leo watu wanabishana ni nani aliyewaua.