Ganda la Sukari Linaloipa Nimonia Ukali

Pneumokoki, bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya nimonia duniani, walielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1881 na watafiti wawili, kila mmoja kivyake. Louis Pasteur wa Ufaransa aliwapata katika mate ya mtoto aliyekufa kwa kichaa cha mbwa. George Sternberg, daktari wa jeshi la Marekani, aliwapata katika mate yake mwenyewe akiwa mzima. Sungura waliodungwa mate hayo walikufa. Ikawa wazi kwamba bakteria hao wanaweza kukaa kooni bila madhara, na wanaweza pia kuua.

Mwaka 1910 Mjerumani Fred Neufeld alionyesha kwamba pneumokoki wana aina mbalimbali. Mwaka 1923, huko New York, Michael Heidelberger na Oswald Avery walibaini kuwa aina hizo hutofautiana kwa sukari inayounda ganda la bakteria. Ganda hilo huzuia chembe nyeupe za damu zisimmeze bakteria. Aina ya 3, yenye ganda nene, huua wagonjwa wengi kuliko aina nyingi nyingine.

Mwaka 1928 Frederick Griffith wa London aliwadunga panya bakteria wasio na ganda, na panya wakapona. Alipowachanganya bakteria hao na bakteria wenye ganda waliokwisha kuuawa kwa joto, kisha akawadunga panya, panya walikufa, na katika damu yao wakapatikana bakteria hai wenye ganda. Mwaka 1944 Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walitambua kilichohamisha sifa ya kuwa na ganda: DNA. Utafiti wa nimonia ukawa mmojawapo wa misingi ya elimu ya kisasa ya urithi.

Chanjo nazo zililenga ganda. Ile ya mwaka 1977 ilibeba sukari za aina 14, lakini kinga ya watoto wa chini ya miaka miwili haiitambui vyema sukari tupu. Chanjo ya mwaka 2000 iliunganisha sukari na protini, ikawafaa watoto. Kenya ilianza kuitoa chanjo ya namna hiyo mwaka 2011, na huko Kilifi maambukizi makali ya aina zilizolengwa yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hata hivyo, aina zinazojulikana sasa zimepita 100, na zisizomo katika chanjo huweza kushika nafasi ya zilizodhibitiwa. Kwa hiyo ufuatiliaji wa aina hizo lazima uende sambamba na chanjo.