Bastola na Unyoya

Mtu akisikia habari za mkusanyaji mashuhuri wa wanyama wa porini, mara huuliza: alichukua silaha gani? Wako watu wanaokodolea macho picha za zamani, wakitaka kujua bastola iliyo kiunoni ni ya kiwanda gani. Bastola yenyewe ikipatikana, shida hupungua, maana chuma kina chapa na nambari. Leo twasimulia habari ya kitu kisicho na chapa wala nambari, kilichotoka katika misitu ya upande wetu: unyoya mmoja tu.

Mwaka 1909 walifika Kongo watu wawili waliotumwa na makumbusho makubwa ya New York, Herbert Lang na James Chapin. Chapin alikuwa bado kijana, hajatimiza miaka ishirini. Walipitia Stanleyville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Kisangani, wakaingia msitu wa Ituri. Kazi yao iliendelea hata mwaka 1915, wakakusanya maelfu ya wanyama na ndege. Bunduki zao zilifanya kazi nyingi, lakini kitu kilichompa Chapin sifa kuu hakukipata kwa risasi.

Mwaka 1913, huko Avakubi, penye mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mwenyeji mmoja iliyopambwa kwa manyoya. Unyoya mmoja, wa rangi ya hudhurungi yenye michirizi myeusi, ulimshangaza. Akaulinganisha na ndege wote aliowajua, asipate mwenziwe. Hakuutupa. Aliuweka miaka ishirini na mitatu!

Hata mwaka 1936, Chapin alikuwa Ubelgiji, katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren. Juu ya kabati moja akaona ndege wawili waliokaushwa, waliosahauliwa. Kibandiko kilisema kwamba ni tausi wachanga wa Asia. Chapin akatazama bawa la jike, akakumbuka kofia ya Avakubi. Unyoya ulikuwa ule ule! Basi hawakuwa wachanga, wala hawakutoka Asia. Mwaka huo huo akawapa jina la kitaalamu, Afropavo congensis, yaani tausi wa Kongo.

Tena, siku hizo hizo, Mbelgiji mmoja aliyewahi kufanya kazi Kongo alimwambia kwamba yeye alikwisha kumla ndege huyo. Wataalamu walikuwa wakimtafuta katika vitabu, kumbe wawindaji wa msituni walimjua tangu zamani, hata chunguni! Mwaka 1937 Chapin alirudi, na katika misitu ya upande wa Stanleyville akampata ndege mwenyewe. Wenyeji ndio waliomwongoza.

Tunajifunza nini? Kwanza, kibandiko si kitu chenyewe. Mtu mmoja akiandika vibaya, wengine husoma na kupita, na kosa hukaa miaka. Pili, wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Makumbusho yalikuwa na ndege wazima wawili wasiwatambue, na kofia ya mtu wa Avakubi ilikuwa na unyoya mmoja tu, nao ndio uliofungua fumbo.

Dume ana rangi ya buluu iliyokoza, shingo nyekundu na kishungi cheupe. Jike ni wa hudhurungi, na mgongo wake hung'aa kijani. Duniani pote, porini, haonekani ila katika nchi yetu ya Kongo. Huko kusini-mashariki ya Kisangani, mbuga ya Maiko iliwekwa mwaka 1970, naye yumo ndani yake. Lakini mitego na bunduki zinamfuata hata humo.

Basi, ndugu, anayetaka kujua bastola ya mkusanyaji na aendelee kuitafuta. Sisi tulio karibu na msitu tunaulizwa swali jingine: je, watoto wetu watamjua tausi huyu akiwa hai, au watabakiwa na unyoya katika kofia?