Kanoni: kisa kipi kinahesabika katika Star Trek?

Mwaka 1967 kampuni ya Gold Key ya Marekani ilianza kuchapisha vitabu vya katuni vya Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyokuwa hewani tangu Septemba 8, 1966. Katika toleo la kwanza, wahudumu wa chombo cha Enterprise wanafika kwenye sayari yenye mimea inayokula viumbe, na kisa kinaisha kwa chombo hicho kuiteketeza mimea hiyo kwa miale kutoka angani. Aliyezoea kumwona Kapteni Kirk kwenye runinga akihangaika kuelewana na viumbe wageni lazima ashtuke. Mhakiki anayeujua ulimwengu huo hushtuka pia, kisha huongeza jambo moja: kisa hicho hakimo kwenye kanoni.

Kanoni ni jumla ya visa ambavyo wenye mamlaka juu ya ulimwengu fulani wa kubuni wanavihesabu kuwa vilitokea ndani ya ulimwengu huo. Mwenye mamlaka anaweza kuwa mtunzi mmoja au studio nzima. Kilichomo kwenye kanoni kinamfunga mwandishi wa sehemu inayofuata: aliyekufa amekufa, isipokuwa apatikane wa kueleza alivyonusurika. Kilicho nje kinaweza kupuuzwa bila kuombwa radhi.

Neno lenyewe si geni kwa Waswahili. Makanisa hulitumia kwa vitabu vilivyokubaliwa kuwa Maandiko Matakatifu, na Wakatoliki wanavijua vitabu vya deuterokanoni. Asili yake ni Kigiriki, ambako lilimaanisha ufito wa kupimia. Kwa njia nyingine, kupitia Kiarabu, ufito huo huo ulikipa Kiswahili neno kanuni. Ndugu hawa wawili wamegawana kazi: kanuni ni utaratibu wa kufuatwa, kanoni ni mkusanyiko wa yaliyokubaliwa. Anayeandika “kanuni za Star Trek” atadhaniwa anazungumzia amri wanazopewa maofisa wa Enterprise. “Simulizi rasmi” inaeleweka haraka, lakini inaashiria simulizi moja, ilhali kanoni hubeba mamia.

Kulitumia neno hili kwa hadithi za kubuni kulianza na Sherlock Holmes. Mwaka 1911 Mwingereza Ronald Knox aliandika insha iliyomchambua mpelelezi huyo kwa mbinu za wachambuzi wa Biblia, na wapenzi wa Holmes wakaendelea na mtindo huo. Kanoni yao ni riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Arthur Conan Doyle.

Katika Star Trek kipimo cha jumla ni skrini: filamu na sehemu za televisheni zinahesabika, riwaya na vitabu vya katuni hazihesabiki. Hata hivyo mpaka umewahi kuhama. Star Trek ya katuni za televisheni ya 1973 na 1974, yenye sehemu 22, ilishinda tuzo ya Emmy mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ofisi ya mwanzilishi wa tamthilia, Gene Roddenberry, iliitoa kwenye kanoni. Leo inahesabika tena. Katika sehemu ya “Yesteryear”, iliyoandikwa na D. C. Fontana, Spock, mmoja wa maofisa wa Enterprise, akiwa mtoto anaamua mnyama wake aliyejeruhiwa aachwe afe kwa amani badala ya kuongezewa mateso. Ilipotolewa na iliporudishwa, sehemu hiyo haikubadilika hata picha moja. Ubora wake haukuwahi kutegemea orodha.

Vitu vya nje navyo hupenya, na majina ndiyo ushahidi mzuri kuliko yote. Tiberius, jina la kati la Kirk, lilisikika kwanza katika katuni hizo za televisheni mwaka 1974. Hikaru, jina la kwanza la Sulu, ofisa mwingine wa Enterprise, lilitoka kwenye riwaya ya Vonda McIntyre ya 1981. Yote mawili yalitamkwa kwenye filamu ya 1991. Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na uhuru wa Kiswahili, hakuwa na jina la kwanza kwenye skrini kwa zaidi ya miaka 40. William Rotsler alimwita Nyota katika kitabu cha 1982, mashabiki wakalipenda, lakini lilibaki nje. Katika filamu ya 2009 Kirk anamwomba jina hilo na kunyimwa, kisha analisikia Spock anapoagana naye. Tangu hapo Nyota ni jina la kikanoni.

Star Wars ilichukua hatua nzito zaidi. Aprili 25, 2014 Lucasfilm, iliyokwisha kununuliwa na Disney, ilitangaza kwamba riwaya na katuni za miaka mingi zingeitwa Legends na zisingemfunga mtu tena. Admirali Mkuu Thrawn, aliyebuniwa na Timothy Zahn mwaka 1991, aliachwa nje, kisha akarudishwa mwaka 2016 kupitia tamthilia ya Rebels. Katuni ya Son of Dathomir, iliyotolewa mwaka huo huo wa 2014 na Dark Horse, ilibaki ndani kwa sababu ilitokana na miswada ya sehemu za tamthilia ya The Clone Wars ambazo hazikupata kutengenezwa.

Kwa mhakiki anayeandika kwa Kiswahili, basi, istilahi zinazohitajika ni chache: kanoni, -a kikanoni, nje ya kanoni, kuingizwa kwenye kanoni. Katika uhakiki nafasi ya suala la kanoni ni mapema, ili msomaji ajue kama kitabu alichoshika kitagusa tamthilia anayoifuata au kinasimama peke yake. Baada ya hapo kanoni iwekwe kando, na michoro, mazungumzo na mtiririko wa kisa vipimwe kwa uzito wake. Katuni ile ya Gold Key inastahili kukosolewa kwa sababu inamfanya Spock aangamize uhai wa sayari bila kujiuliza chochote, na kosa hilo lingekuwa kosa hata kama kisa kingeonyeshwa kwenye runinga.