Stesheni ya Dar es Salaam
Stesheni ya Dar es Salaam ni mwanzo wa Reli ya Kati nchini Tanzania. Iko karibu na bandari, si mbali na Kariakoo.

Wajerumani walianza kujenga reli hiyo mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bagamoyo, iliyokuwa kituo cha misafara ya wapagazi kutoka bara, ilizidi kupoteza biashara yake.

Hata hivyo upagazi ulirudi upesi, safari hii kwa shuruti: katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu ya wapagazi walikufa, hasa kwa maradhi. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi penye jengo la soko la Wajerumani. Ndiyo asili ya jina Kariakoo.